Vita vya Kidole cha Maman Émerance

Tulieni, ninyi mliokulia kati ya lile bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, ninyi mnaoutambua uzito wa shaba kwa kiganja kabla ya kujua kuandika! Achaneni kwa leo na wafalme waliovuka mito na majeshi yao. Nawaletea vita vilivyopiganwa Lubumbashi mchana kweupe, mbele ya watu wenye suti, katika uwanja usiozidi upana wa kifundo cha kidole. Na aliyeshinda vita hivyo bado anapanda basi kurudi mtaani kwake Naviundu, tena mara nyingine anasimama njia nzima.

Shujaa wetu ni Mwila, Mwila Mpiga-Nyundo, binti wa Naviundu, mwenye masizi mikononi na moyo usiokubali kukaa. Alikuwa fundi katika karakana ya Jeannot, naye Jeannot Mwenye Koleo ni mtu ambaye sifa zake zimeenea toka mjini hadi Ruashi kwa hereni na bangili za shaba. Nusu ya hereni hizo, tuseme kweli bila kumchukia mzee wa watu, zilitoka chini ya nyundo ya Mwila. Lakini mteja akiuliza nani aliyetengeneza, jibu lilikuwa ni kazi ya kwa Jeannot. Na Mwila, aliyesimama palepale akipuliza moto, aliitwa mutoto wa atelier, yaani mtoto wa karakana. Alikuwa amelichoka jina hilo kuliko alivyochoka na moshi.

Basi ilipotangazwa kwamba kutakuwa na maonyesho ya wafua-shaba na wasanii wa mapambo wanaochipukia, Mwila alifua pete moja. Naam, moja tu, lakini pete gani! Ilikuwa shaba tupu, imepigwa mikunjo midogo kama maji yapitayo juu ya mawe, na katikati ina jicho la kijani la jiwe la malakiti. Wenzake hupaka vanishi ili shaba isiache rangi kwenye ngozi ya mvaaji. Mwila alikataa kata kata, akasema shaba isiyoacha alama ni shaba iliyozibwa mdomo. Na kwa kuwa hakuwa na kidole cha kuazima, aliipima kwenye kidole chake mwenyewe. Likumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililoleta vita.

Siku ya siku ilipofika, akapewa meza. Juu ya meza mto mdogo mweusi, juu ya mto pete, na kando yake kadi iliyoandikwa: Mwila, Naviundu. Aliisoma kadi hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitaji, ikizingatiwa kwamba ilikuwa na maneno mawili.

Ndipo akaingia Maman Émerance, Maman Émerance wa Maghala, aliyetoka Kivu ya Kaskazini akasimika enzi ya unga na sukari huko Ruashi, ambaye madereva wa malori humvulia kofia hata jua likiwaka. Alikuwa mgeni wa heshima. Akazipita meza kubwa kwa mwendo wa kistaarabu, akafika kwa Mwila, akasimama. Akauliza kwa upole kama anaweza kuijaribu. Sheria ya ukumbi ilikataza kugusa; lakini tangu Mwila azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwomba yeye, yeye Mwila, ruhusa ya kuvaa kazi yake, na kichwa chake kikakubali kabla sheria haijapata nafasi ya kusema.

Pete ikapanda. Ilikuwa Oktoba, mvua hazijaja, na joto lilikuwa limeivimbisha mikono ya mji mzima. Ikasita kwenye kifundo, ikasukumwa, ikapita, ikatulia. Maman Émerance akaigeuza kwenye mwanga, akasema iko muzuri sana, kisha akaivuta. Haikutoka. Akaivuta tena akitabasamu, na mara ya tatu bila tabasamu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Namna ya kuivua hawakutuambia, na hapo wakatuacha njiani.

Wakati huohuo Kangwa, msimamizi wa sherehe, bwana wa kipaza sauti, akatangaza kwamba jury ya waamuzi inaanza mzunguko, na kwamba itatazama tu kilicho mezani. Meza tupu itapitwa. Mwila akautazama mto wake mweusi, akaitazama kadi yake, akaingia vitani.

Alianza kwa sabuni ya chooni, na sabuni ikashindwa. Akaleta mafuta ya kujipaka kutoka katika mkoba wa maman mwenyewe, nayo mafuta yakaienzi pete tu, ikang'aa zaidi pale pale ilipokuwa. Kadiri walivyovuta ndivyo kidole kilivyovimba, hadi kikawa na rangi ya bilinganya. Maman Émerance alivumilia kama malkia, ila mguu wake mmoja ulikuwa unakanyaga chini polepole. Jury ilikuwa meza ya nne kutoka hapo.

Ndipo Jeannot, aliyekuja kuwasindikiza vijana wake, akatokea na koleo mfukoni, maana Jeannot haendi hata harusini bila koleo. Akamvuta Mwila pembeni.

"Mwila, sikia miye mukubwa wako. Shaba inakatwa, shaba inaungwa. Minakata hapa chini kidogo, kesho tunaunga ku atelier, hakuna muntu ataona. Lakini kidole ya maman haiungwi."

Maneno hayo yalikuwa ya busara, na ndiyo maana yalimuuma. Mwila akajibu kwa sauti ndogo.

"Papa Jeannot, ukikata, jury itapita ku meza yenye haina kintu. Na kesho nitarudia kuwa mutoto wa atelier. Ngoja kidogo. Nikishindwa, ni miye mwenyewe nitashika hiyo pince yako."

Jeannot akalirudisha koleo mfukoni, lakini hakuliachia.

Ikawa hapo Mwila akakumbuka elimu ya makovu yake. Katika miaka ya nyundo alikuwa amekipiga kidole gumba chake karibu mara nyingi kama alivyoipiga shaba, naye alijua kwamba kidole kilichovimba hupungua kikiinuliwa juu. Akamsihi maman ainue mkono, juu kabisa, kama mtu anayeapa, wala asiushushe. Na Maman Émerance, ambaye tangu shule ya msingi hakuwahi kumwinulia mtu mkono, akauinua.

Kangwa, jicho la mwewe, akaona mkono wa mgeni wa heshima umesimama juu ya vichwa vya watu. Angefikiri nini? Akatangaza kwamba maman anaomba parole, yaani nafasi ya kusema. Ukumbi ukageuka, jury ikasimama kwenye meza ya jirani, na kipaza sauti kikapitishwa hadi mkononi mwa maman, ule wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa kazini.

"Sikuomba parole," akasema Maman Émerance, "lakini kwa sababu munanipatia, nitasema. Munaona ile mukono yangu? Sitaishusha, sababu ya hii pete. Niliiona, nikaivaa bila kuuliza kidole kama inakubali. Kosa ni yangu, haiko ya mwenye kuitengeneza. Miye niliipenda kwanza. Sasa na yenyewe imenipenda, inakatala kutoka." Watu wakacheka. Akangoja wamalize. "Nani njo alitengeneza?"

Jeannot, kwa mazoea tu na bila ubaya, akajibu kwamba ni mutoto wa atelier yake.

"Papa, weye nakujua," akasema maman. "Nimeuliza yeye."

Kipaza sauti kikaja kwa Mwila, na kilikuwa kizito kuliko nyundo yoyote aliyowahi kushika. Alitamani Jeannot aseme kwa niaba yake, akaona aibu kwa kutamani hivyo, akasema.

"Jina yangu ni Mwila. Minatoka Naviundu. Ile pete ni miye njo niliitengeneza, miye peke."

Basi. Hotuba fupi kuliko zote zilizotolewa siku ile, na Kangwa alikuwa ametoa tatu. Makofi yakapigwa, na chini ya makofi hayo Mwila akakishika kidole, akaona kimepungua, akapaka sabuni upya, akaizungusha pete polepole bila kuvuta, kama mtu afunguaye nati iliyoshika kutu. Ikafika kwenye kifundo, ikagoma, ikafikiri, ikateleza. Akaiweka juu ya mto huku jury ikifika mezani. Mkubwa wao akatoa leso, akalifuta povu, akainama kuitazama pete kwa muda mrefu.

Zawadi kubwa alipewa mshindani mwenzake aitwaye Chama, kwa mkufu wake, na Mwila alimpigia makofi kwa wivu wa haki kabisa. Lakini likasomwa pia jina la msanii wa kuangaliwa katika miaka ijayo, na jina hilo lilikuwa na Naviundu mwishoni. Alilia, nami simcheki kwa hilo.

Wiki mbili baadaye teksi ilisimama mbele ya karakana, akashuka Maman Émerance. Akamsalimu Jeannot kwa heshima, akampita, akaenda hadi penye moto, akanyoosha mkono.

"Pete yako iliniachia alama ya kijani," akamwambia Mwila. "Ku depot yangu ya unga banauliza kila siku kidole iko na nini, na nilikuwa nasikia raha kubaambia jina yako. Sasa alama imetoka. Nitengenezee yangu. Lakini hii mara, pima kidole yangu."

Mwila akatafuta uzi. Basi, enyi mlionisikiliza, wakumbusheni watoto wenu kwamba siku ile mteja mwingine alipopiga hodi kwa Jeannot Mwenye Koleo, mzee mwenyewe alimwomba aketi angoje, kwa sababu Mwila alikuwa anapima kidole kisicho chake.