Mmeficha Macho, Mkaacha Koti

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, msomaji wako wa miaka mingi, na ndimi yule mtu wa tatu kwenye picha ya foleni ya kliniki ya kuacha pombe, ukurasa wa tano, Jumanne iliyopita, chini ya kichwa cha habari "Walevi Wafurika Kliniki, Wakazi Waishi kwa Hofu". Mlinifunika macho kwa mstari mweusi, asanteni. Lakini koti mliliacha wazi, na nililishona mwenyewe: mfuko mmoja juu, mwingine chini, maana siku ya kulishona nilikuwa nimelewa. Mtaa mzima unalijua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimekunywa hadharani miaka kumi na moja, hakuna gazeti lililoniandika. Niliwahi kumshonea mwalimu mkuu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Akacheka, akaleta kitambaa kingine. Nimejitibu mwezi mmoja, nimekuwa tishio.

2. Mwalimu huyohuyo amekuja kuchukua kitambaa chake. Anasema mgonjwa haachiwi mkasi. Mkasi ni uleule, ila zamani mkono ulikuwa unatetemeka.

3. Mama mkwe, aliyezoea kuniita mchangamfu, sasa ananiita "yule wa gazetini". Amemshauri binti yake arudi kwao mpaka nitakapoacha kwenda kliniki. Mke wangu ameshafunga mizigo.

4. Jumatano foleni nzima ilikuwa mimi. Mlinzi wa mlango alisimama nyuma yangu kwa huruma. Wenzangu tisa walikuwa wamerudi baa, ambako mpiga picha wenu hufika bila kamera.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, mchapishe masahihisho: kwamba mwenye koti hakuwa akitafuta tiba, alipotea njia akielekea baa. Ushahidi ukihitajika, niko tayari kulewa kidogo kwa ajili ya picha mpya. Heshima yangu itarudi, na mizigo ya mke wangu itafunguliwa. Nimechoka, Mhariri. Aibu ya kulewa sikuwahi kuiona. Hii ya kupona inanimaliza.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule mchora mistari myeusi.

Ni mimi, msomaji wako asiye na pa kujificha,
Fundi wa Koti

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, akaingia dukani shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kwa pombe mimi kwake ni mwanafunzi. Alikuwa na gazeti lako, limekunjwa ukurasa wa tano. Nikajua amekuja kubeba mizigo ya dada yake. Badala yake akaniuliza, "Shemeji, pale wanafungua saa ngapi?"

Basi usisahihishe chochote. Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa wawili mlangoni. Mpiga picha akija, atupige kwa mbele, na mstari mbaki nao. Shemeji naye nimeshampima koti, na mifuko yake itakuwa sawasawa.