Bajeti Yangu ya Nguo Hadi Oktoba

Jumapili, 9 Machi 2025

Semina ya wanandoa baada ya ibada. Saa tatu nzima kwenye viti vya plastiki! Mgeni wa siku, mama mmoja aliyestaafu benki, alifundisha jinsi ya kugawa mshahara. Chakula kiasi hiki, kodi kiasi hiki, akiba kiasi hiki. Na nguo? Asilimia tano. Tano! Nikainua mkono kuuliza kama suti imo humo. Akasema imo, viatu vimo, na soksi pia zimo.

Waithera, mke wangu, aliandika kila neno. Jioni akafungua daftari jipya. Mimi ni karani wa ushirika wa maziwa hapa Nakuru, na nikishakatwa makato yote nabaki na elfu thelathini na nane. Asilimia tano ni elfu moja mia tisa kwa mwezi. Akaniuliza kama nakubali. Nilikubali haraka maana ugali ulikuwa unapoa.

Sasa naona kosa langu. Jumamosi ya tarehe 22 wanakuja wakwe! Binti yetu Shiko amempata kijana, Weldon, fundi wa umeme, mtoto wa wakulima wa Kabazi. Wazazi wake wanakuja tujuane kabla ya mambo ya ruracio, yaani kutoa mahari. Na mimi sina koti ila lile la arusi yangu, ambalo halijafunga kifungo tangu 2009.

Shiko kaniambia nisijali, nivae tu sweta. Alisema kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyoniuma. Sitaki mwanangu anionee haya mbele ya watu wa kwa mumewe.

Halafu akaongeza kwamba babake Weldon, mzee Kosgei, hupenda sana kupendeza. Haya. Tutaonana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimezunguka maduka ya suti wakati wa chakula cha mchana. Ya bei ya chini kabisa, elfu tisa. Muuzaji aliniita boss hadi nilipouliza bei. Baada ya hapo akaniita mzee.

Elfu tisa ni nguo zangu za miezi karibu mitano. Nikamuuliza Waithera, kwa njia ya mbali, kama semina ilisema chochote kuhusu dharura. Akasema ilisema: dharura ni ugonjwa, kifo na moto.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Sijui kwa nini watu wote hawafanyi hivi.

Jemutai, yule mama anayeuza mitumba karibu na kwetu Kaptembwo, kaniambia robota zima la makoti ya wanaume ni elfu kumi na nne na mia tano. Ndani kuna makoti sitini hivi. Nikagawa kwenye simu, nikagawa tena. Koti moja ni kama shilingi mia mbili arobaini! Nachukua langu, nauza mengine, pesa inarudi na faida juu. Nguo zangu zitakuwa bure mpaka nizikwe, na hata hiyo siku nitapendeza.

Pesa ipo. Akiba ya nyumba iko kwenye simu yangu. Nimetoa elfu kumi na tano na mia mbili, ambazo ni bajeti yangu ya nguo kuanzia Machi hadi Oktoba. Si wizi. Ni kuwahi.

Jemutai alinionya kwamba robota ni bahati nasibu, mtu hununua akiwa amefumba macho. Akaniuliza kama nimewahi kufungua hata moja. Nikamjibu kwamba nimefungua faili za wafugaji elfu moja na mia mbili. Akatikisa kichwa. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Robota limefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye kibanda cha Jemutai. Wachuuzi wenzake kama kumi walikuwa wamekwisha kusimama wakisubiri. Kumbe ndio desturi. Mtu akifungua robota, wenzake huja kuchagua kamera, yaani zile nguo safi za juu kabisa, na huzilipia bei nzuri papo hapo. Mwenye robota hurudisha mtaji wake kabla hajanywa chai.

Lakini desturi hiyo sikuielewa vizuri. Nilichoona ni watu kumi wakinyoosha mikono kwenye makoti yangu. Nikasimama juu ya robota, nikatangaza kwamba kamera zote ni zangu. Zote! Wakatazamana. Mmoja akaniambia poa boss, fagia utanunua wewe mwenyewe. Wakaenda zao.

Fagia ni yale mabaki ya mwisho. Tulipohesabu, makoti yalikuwa sitini na manne. Kamera zilikuwa nne.

Tatizo la pili. Nilitafuta suruali zake. Nikapekua mpaka chini. Jemutai akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akakaa kwenye ndoo akacheka hadi akafuta machozi kwa leso. Suruali huja na robota lake! Makoti makoti, suruali suruali, na hazijuani. Mbona hakuniambia? Ati sikuuliza.

Tatizo la tatu. Kamera zote nne ni za majitu. Hao watu wa ng'ambo hulishwa nini? Moja ilinifika magotini. Nimechelewa kazini nikinuka dawa ya mitumba, na meneja akaniuliza kama nyumba imepuliziwa dawa ya kunguni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetulia. Nimefikiri. Mambo si mabaya.

Katika zile fagia kuna koti moja jeusi linalonikaa vyema mabegani. Mikono ni mirefu, na viwiko vimepauka kwa jua, lakini hayo ni madogo. Suruali nyeusi ninayo. Wakwe wataona suti.

Viwiko nimevitibu kwa polishi nyeusi ya viatu. Ajabu! Vilirudi vipya kabisa. Nikaona si vizuri kujipendelea peke yangu, nikayapaka na makoti mengine meusi yaliyopauka. Yalikuwa kumi na saba. Moja lilikosa kifungo, nikalishonea cha kahawia kwa uzi wa buluu, uzi mwingine sikuwa nao.

Jemutai akalinusa moja. Akasema linanuka viatu. Nikamwambia hiyo ni harufu ya Ulaya.

Waithera nimemwonyesha koti langu. Nikamwambia bei yake, mia mbili ishirini na saba, ambayo ni kweli kabisa ukigawa. Akaandika kwenye daftari. Akanisifu! Mara ya mwisho kunisifu ni nilipoziba bomba la jikoni. Nilifurahi, halafu nikakosa usingizi kidogo.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna anayenunua. Wachuuzi wote wamepeana habari zangu. Jemutai anasema makoti yanamzibia kibanda, na ameanza kutaja kodi.

Tumekubaliana ayachukue yale meusi hadi soko la Kabazi kesho, mia tisa kila moja, pesa tugawane nusu kwa nusu. Ni mbali, na huko hakuna anayenijua. Wakwe sijawahesabu. Hatujajuana bado, ndiyo maana wanakuja.

Ijumaa, 21 Machi

Habari njema! Jemutai ameuza makoti sita huko Kabazi. Ameniletea sehemu yangu, elfu mbili na mia saba. Ati mzee mmoja alilijaribu koti mara nne, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akalipa bila kubishana. Nimempenda mzee huyo bila hata kumjua.

Nimefupisha mikono ya koti langu kwa stepla ya ofisini. Pini kumi na mbili kila mkono, kwa ndani. Hakuna atakayejua.

Waithera amefua vitambaa vya kochi, vile vyeupe alivyofuma mwenyewe kwa miaka miwili. Nyumba inang'aa. Shiko anafagia mahali alipokwisha kufagia. Nikamwambia atulie, baba yake yupo. Alicheka, akanikumbatia. Kesho lazima iende sawa.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike polepole, jambo moja moja.

Wageni walifika saa sita. Jua la kuchoma, mvua bado haijaonja ardhi. Mama Weldon alibeba mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, na kuku wawili. Weldon alikuwa na tai. Nyuma yao, mzee Kosgei mwenyewe, mrefu, amenyooka, ndani ya koti jeusi.

Lilikuwa na kifungo kimoja cha kahawia kilichoshonwa kwa uzi wa buluu.

Nilimsalimia sijui vipi. Waithera akamkaribisha kwenye kiti kizuri. Mzee akaketi, akaweka viwiko juu ya vitambaa vyeupe. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikamwomba asimame tuombe. Tukaomba. Akaketi tena. Nikamwomba asimame aone mti wetu wa parachichi kupitia dirishani. Akauona. Akaketi tena. Shiko alinitazama kwa jicho la kuuliza baba ana nini.

Chai ilipoletwa mzee alinyoosha mkono achukue kikombe, na kitambaa kikaonekana. Doa jeusi, kubwa kama chapati. Upande wa pili, la pili.

Mama Weldon aliinamisha kichwa. Mzee alijaribu kufuta kwa leso, likaenea zaidi. Akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Ati mkewe alimwambia anunue koti jipya dukani, yeye akakataa, akasema nguo si kitu cha kumaliza pesa ya nyumba. Akanunua hili sokoni. Aliambiwa ni kamera. Alisema samahani mara tatu. Mzee wa miaka sitini na tatu, amekuja kwa watu, na anaomba samahani kama mtoto aliyemwaga maziwa. Nilimwonea huruma. Ni mimi niliyemfanyia hivyo. Nilifungua mdomo niseme.

Sikusema. Niliinuka nimwongezee chai, na sote tukaona vitambaa vya kiti changu. Madoa mawili.

Mzee aliyatazama yangu. Akayatazama yake. Akaanza kucheka. Alicheka akapiga goti, na Weldon naye, na Mama Weldon, mpaka kuku wakashtuka mlangoni. Akaniambia mkwe, huyo mwizi ametuuzia sote! Nikasema naam, mwizi kabisa! Nikamlaani mwizi huyo kuliko mtu yeyote chumbani. Nikasema watu kama hao wafungwe.

Waithera peke yake hakucheka. Alikuja, akanishika mkono kana kwamba ananipangusa, akanusa kiwiko changu. Pini moja ikamchoma kidole. Akautazama ule uzi wa buluu kwenye kifungo cha mzee, uzi wake mwenyewe wa kushonea, akaniita jikoni.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze. Alisema mzee huyo ametuletea mwanawe, na sasa atarudi kwao akijiona mjinga. Nikamwambie mwenyewe kabla hajatoka langoni, la sivyo atamwambia yeye.

Mazungumzo yalienda vizuri ajabu. Ruracio itakuwa Agosti. Shiko alikuwa anang'aa. Mimi sikusikia hata nusu.

Langoni nikamvuta mzee kando nikamwambia yote: robota, polishi, Kabazi, mia tisa. Hata stepla nilimwonyesha. Akaushika mkono wa koti langu, akazipapasa pini moja moja. Nilifikiri, basi, nimeharibu nyumba ya mwanangu kabla haijajengwa.

Akaniuliza nilipata moja kwa bei gani. Nikamwambia mia mbili ishirini na saba.

Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Alikuwa anagawa.

Halafu akanipa mkono, akasema mwanamume anayesema ukweli langoni anafaa kuwa mkwe. Nikamrudishia mia tisa yake. Aliikubali, akaihesabu.

Waithera alikuwa akitutazama kutoka mlangoni. Nadhani alifuta machozi. Usiku nimefua vitambaa vyote vinne kwa mikono yangu. Madoa yamekuwa ya kijivu. Nimemwambia mke wangu ukweli kuhusu akiba pia. Amechora mstari kwenye daftari: nguo za baba, sufuri hadi Oktoba. Nimetia sahihi. Nimejisikia mwepesi. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani nilivaa sweta. Amani tele.

Mzee Kosgei amepiga simu baada ya chakula. Alianza kwa kusalimia kila mtu kwa jina, hadi kuku. Halafu akasema hakulala. Amekuwa akifikiri. Kosa langu, anasema, halikuwa robota. Kosa lilikuwa kukimbiza wachuuzi, kukosa suruali na kupaka polishi. Ukiondoa hayo matatu, mpango ulikuwa safi. Ni mtu wa akili nyingi, mzee huyu. Sijui kwa nini nilimwogopa.

Jemutai ana mtu mwenye robota la suruali za wanaume, elfu kumi na sita. Mzee atatoa nusu kwa pesa ya maziwa. Mimi nusu. Nimepiga hesabu. Daftari linasema sufuri hadi Oktoba. Kuhusu Novemba halikusema lolote. Novemba hadi Februari ni elfu saba na mia sita, na mia nne zilizobaki zipo kwenye ile sehemu yangu ya Kabazi.

Nimetuma.

Waithera ametoka jikoni akauliza ni nani aliyepiga simu muda mrefu hivyo. Nimemwambia ni mkwe, na kwamba tulikuwa tukipanga mambo ya arusi. Akatabasamu, akasema ni vizuri wazee wakipatana.

Sikumdanganya. Hata bwana arusi atavaa suruali.