Ngazi Ambazo Sumaku Haikuzichora

Jumatatu, 3 Machi 2025
Naogopa. Dkt. Magdalene, msimamizi wetu, amesema kati yangu na mwanafunzi mwenzangu Muriithi atabaki mmoja tu maabarani. Anataka grafu Alhamisi. Kipande changu cha semikonda ni kidogo kuliko ukucha, na ndani yake elektroni zimebanwa kwenye tabaka mbili nyembamba mno. Cha Muriithi kina tabaka moja. Kazi yangu ni kuonyesha jinsi elektroni zinavyohama tabaka sumaku ikizidishwa nguvu. Daktari huitazama grafu mara moja akakwambia tabaka ni ngapi. Mama wa kutisha!

Jumanne, 4 Machi
Siku ya kupoza kipande kwa heliamu, ule umajimaji wa baridi kali. Tangi lake likapiga mluzi. Nikatoka mbio hadi getini! Muriithi akaniuliza kama nimeona simba. Niliporudi kipande kilikuwa bado na joto, nikapima hivyo hivyo. Kikipoa sana, volti hupanda kwa ngazi kwenye grafu kadiri sumaku inavyozidishwa. Changu kimetoa mstari mnyoofu. Woi! Jioni Baba akapiga simu kutoka Ngoliba. Eti ametangaza kanisani kwamba mwanawe ndiye mkubwa wa sumaku.

Jumatano, 5 Machi
Tangi sikuligusa. Nimebaki nyumbani Ngoingwa, nikachora ngazi mwenyewe kwa kompyuta. Zinapendeza! Daktari hutaka pia vipimo vya sumaku ikigeuzwa upande. Nimenakili zile zile. Dakika moja, kazi kwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha. Daktari aliuliza kwa upole, na upole wake ndio mbaya zaidi, kwa nini nimegeuza sumaku na volti haikugeuka. Ikipanda huku, kule hushuka. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Nikasema labda elektroni zangu ni kaidi. Muriithi akaangua kicheko. Nimepewa hadi Jumatatu nipime upya, la sivyo nifungashe virago. Nitamwambia nini Baba?

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nilijikaza nikafika mlangoni pa chumba cha tangi. Likapumua. Nikarudi.

Lakini Mungu yupo! Muriithi amesahau grafu yake kwenye printa. Ngazi halisi, za baridi halisi! Nimezinakili zote na kuweka jina langu. Safari hii upande wa pili unashuka, nimehakikisha mara tatu. Ni kweli kipande chake kina tabaka moja na changu mbili. Lakini nani atahesabu?