Kufungiwa kwa Kumtakia Kifo Mtani Wangu

Usoke, Urambo,
Mkoa wa Tabora.

Kwa Wasimamizi wa mchezo wa Vigae na Njia,
Popote mlipo.

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlio wakubwa, na mlio wadogo naipokea yenu. Huku hatujambo, tumbaku imekubali mwaka huu, hasira tu ndiyo inanisumbua. Mimi ni Adriano Mhoja, Mnyamwezi halisi, mkulima, na mchezaji wenu mwaminifu tangu binti yangu Levina aniwekee mchezo wenu kwenye simu ili nisimsumbue mama yake jioni. Naujua vizuri: kila mmoja anachota kigae chenye picha, anakiweka pembeni ya vigae vya wenzake, barabara iungane na barabara, shamba na shamba, na mwenye eneo kubwa ndiye mshindi. Ni mchezo wa heshima kabisa. Nyinyi ndio mmeuharibu.

Juzi mmenifungia. Ujumbe wenu unasema nimetoa lugha ya chuki na vitisho vya kifo kwa mchezaji Shomari wa Kisarawe, na kwamba kuanzia sasa nitacheza na mashine tu, nisiandikiane na binadamu. Naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Shomari ni Mzaramo. Hapo tu kesi ingekwisha, lakini naona kwenu hakuna wazee, basi nieleze. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walitoka huku kwa miguu, mizigo mabegani, mpaka pwani, wakakutana na babu zao njiani. Sijui walianza kwa kugombana au kwa kupeana maji, ila waliishia kutukanana kwa amani, na sisi tumerithi. Mtani ana ruhusa ya kunitukana na kubeba kuku wangu, na siku nikifa yeye ndiye atakayewachekesha wafiwa. Mtani hakasirikiwi. Hiyo sheria ni kongwe kuliko simu zenu.

2. Maneno mliyoyaita vitisho niliyaandika mimi, sikatai. Siku hiyo Shomari alikuwa ameiziba barabara yangu kwa ukuta wa mji, barabara niliyoihangaikia tangu mchana, halafu akaniandikia: "Mnyamwezi, tua mzigo upumzike, shingo imeshapinda hiyo." Jamani! Nilicheka mpaka mke wangu Imakulata akatoka jikoni na mwiko. Nikamjibu kama nilivyolelewa: "Mzaramo usiye na haya, mashamba ya babu yako umeyauza yote ukacheza ngoma, sasa umekuja kuiba langu la kwenye simu. Kufa upesi, nije nishibe ubwabwa msibani kwako." Waheshimiwa, hapo kitisho kiko wapi? Nimemwahidi mtu kwamba nitasafiri kutoka Usoke mpaka Kisarawe kumzika. Wangapi kati yenu wameahidiwa hivyo?

3. Mashine yenu haina adabu. Ikinishinda inaandika "Hongera, umecheza vizuri!" Nimeshindwa, inanipongeza! Nikiishinda mimi, inaandika hivyohivyo. Nimeitukana kwa kila tusi la staha ninalolijua, yenyewe na ukoo wake wote, ikaniuliza kama ningependa kubadilisha rangi ya vigae.

4. Hili ndilo linaloniuma kwelikweli. Shomari sijawahi kumtia machoni. Namba yake sina, tulikutana humo humo mchezoni. Kila nikitoka shambani nilimkuta ananisubiri na tusi jipya. Nilipofiwa na kaka yangu, ni yeye aliyeniandikia kwamba marehemu kafanya makusudi, amekwepa kupalilia. Nikacheka siku ambayo sikutegemea kucheka. Sasa nimenyamaza ghafla, na mtani akinyamaza maana yake amekasirika. Atadhani nimeukasirikia ule ukuta! Ataona utani umekufa, atajitafutia Mnyamwezi mwingine. Nimemkumbuka, waheshimiwa. Nalisema wazi, ingawa ni aibu kusema hivyo juu ya Mzaramo.

Kwa hiyo naomba, kwanza, mnifungulie. Pili, kila anayejiunga aulizwe watani wake ni nani, na matusi yao yasiguswe na mtu. Tatu, mtani aruhusiwe kunyakua kigae cha mtani wake bila kuomba, kama anavyonyakua kuku, na mwenye kigae asinung'unike. Nne, mchezaji akishindwa vibaya, mtani wake alale juu ya kigae cha mwisho, kama watani wanavyolala kaburini msibani, na mchezo usiendelee mpaka apewe chochote cha kumwamsha. Tano, mashine nayo itafutiwe kabila, ipate watani, huenda ikachangamka. Na sita, yule mchongezi aliyewapelekea maneno yangu, maana najua yuko aliyebonyeza kitufe cha kushtaki, afungiwe maisha, jina lake litangazwe kwa wachezaji wote, na asiguse kigae hata cha jikoni kwake. Anayeingilia utani wa watu hafai kukaa na watu.

Nisalimieni wake zenu, waume zenu, watoto, fundi wa mashine na mlinzi wa getini. Imakulata anawasalimu sana, anasema mnifungulie upesi kwa sababu nimeanza kumfundisha kupika.

Wenu niliyefungiwa bila kosa,
Adriano Mhoja.

Nyongeza: Kabla sijawatumia barua hii, Levina ameingia mchezoni kwa simu yake, akanionyesha tangazo ambalo wachezaji wote wameshalisoma: "TANZIA. Mnyamwezi wa Usoke hatunaye tena. Nimemshtaki mwenyewe kwa kidole changu, na kwa kuwa mimi ndiye mtani wake, mazishi nasimamia mimi. Matanga yako nyumbani kwangu, Kisarawe, nyuma ya soko. Rambirambi: michembe sipokei, nimechoka kutafuna viazi vikavu. Shomari." Waheshimiwa, nimecheka mpaka nimekaa chini. Ombi la sita nalifuta, na la kwanza pia. Msinifungulie, tafadhali. Aliyezikwa vizuri namna hii hafufuliwi kwa barua. Marehemu anapanda treni ya kwanza atakayoipata, anakwenda Kisarawe kuhani.