Ombi la Kufutwa kwa Sura ya Saba ya Kitabu Changu Mwenyewe

Ndugu Mkuu wa Kitivo cha Saikolojia, mwanangu,

Salamu kutoka kitandani. Najua una shughuli nyingi, na daktari amenidokeza kwamba mimi nina muda mchache kuliko wewe, kwa hiyo sitazunguka. Naomba kitivo kikiondoe madarasani kitabu cha kuzeeka vyema. Naam, changu. Sababu ni hizi:

1. Chumvi. Wauguzi wa makao haya ya wazee walisomeshwa kwa kitabu hicho, nao wamekihifadhi kama sala. Niliandika chumvi ipunguzwe. Imepunguzwa hadi imekwisha. Nikilalamika, muuguzi mkuu hunijibu, "Babu Profesa, si maneno yako haya?" Mkuki kwa nguruwe, mwanangu.

2. Mazoezi. Kila asubuhi tunapangwa ukumbini tupige makofi juu ya vichwa. Wenzangu wamekwisha kumjua mwandishi. Jaji mstaafu hanisalimii. Bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu ameniambia, "Wewe, utatukuta mbele ya haki."

3. Furaha. Nilithibitisha kwamba mzee mchangamfu huishi zaidi. Sasa kununa ni dalili. Juzi nilinuna kwa kuvishwa soksi za mtu mwingine, nikaletewa mshauri nasaha. Alitikisa kichwa na kusema "nakuelewa" kila nilipovuta pumzi, kama nilivyokufundisha wewe ulipokuwa mwanafunzi wangu, nawe ukamfundisha yeye. Soksi sijarudishiwa.

4. Hili ndilo litakaloniua kabla ya ugonjwa. Sura ya saba inashauri wanandoa wazee walale vyumba tofauti ili usingizi uwe bora. Basi mke wangu, tuliyezeeka pamoja, amehamishiwa mwisho wa korido, nami nimebaki na friji ya dawa inayonguruma. Na hapa niungame, nisije nikazikwa nalo: sura hiyo niliianza nikiwa na miaka thelathini na minne, magoti yangu yakiwa mapya, asubuhi moja baada ya mke wangu kukoroma usiku kucha. Takwimu zilikuja baadaye, zikanifuata kwa adabu.

Kwa hiyo, kama kitabu chote hakiondoleki, futeni walau sura ya saba, nirudishiwe mke wangu, nife naye chumba kimoja.

Nisalimie walimu wote, makarani, na mlinzi wa lango aliyekuwa akinifungulia kabla sijapiga honi.

Wako aliyezeeka kisayansi,
Profesa Mstaafu

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amecheka hadi akapaliwa. Anasema aliyeomba kuhama ni yeye, akiwaonyesha wauguzi ukurasa wenyewe; kwamba mkoromaji ni mimi, tangu wiki ya harusi; na kwamba hajapata usingizi kama huu tangu tuoane. Kweli amenawiri. Kila alfajiri huja, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, tukaongea, jambo tulilokuwa tumeliacha zamani. Mimi huwa nimekwisha kuamka, namsubiri.

Msifute kitu. Ila ile ya chumvi.