Viungo Kumi na Tisa

Wananchi wote wa Shasha walitangaziwa, kwa megafoni na kwa barua yenye kashe mbili, yaani mihuri miwili, kwamba kuanzia Jumatatu ile njaa ndogo ya saa nne asubuhi ingesimamiwa na serikali. Kitengo cha Usomaji wa Mifuko ya Vitafunwa kilikuwa kimezaliwa. Shefu wake alikuwa Papa Straton Hakorimana, mtu asiyewahi kuogopa jambo kwa sababu tu halielewi.

Barua kutoka Goma ilisema kwa ufupi: watu wafundishwe kusoma mfuko kabla ya kula, wachague chakula chenye afya zaidi. Shefu Straton aliisoma mara tatu, akaona pengo. Haikusema msomaji atafute nini. Akaliziba mwenyewe: msomaji atahesabu. Chakula chenye viungo vingi, alieleza mbele ya soko, kinajenga mwili sehemu nyingi. Chenye viungo vichache ni chakula maskini. Hakuna aliyebisha, maana mvua ilikuwa inakuja na kila mtu alikuwa akifunika mali yake.

Biskuti za pakiti nyekundu zikashinda. Zilikuwa na viungo kumi na tisa, kimoja kikiitwa rangi ya manjano mia moja na mbili, na Shefu alisifu uaminifu wa watu wanaotaja hata namba.

Taabu ikamwangukia Mama Mukagasana. Yeye aliuza karanga alizokaanga mwenyewe, pale magari ya Minova yanaposimama, katika vifuko vidogo vya kufunga fundo, bila maandishi. Shefu akamletea fomu yenye mistari mitano ya viungo. Mama akaandika karanga, akaandika chumvi, akarudisha kalamu.

"Inabakia mistari tatu," Shefu akamwambia.

"Njo hivyo tu, Papa Shefu. Kingine hakuna mu mufuko."

"Mustari mutupu ni siri, Mama. Serikali haiwezi kula siri."

Mama akafikiri, akaongeza moto. Kisha mikono yangu. Mstari wa mwisho akaandika tena karanga, kwa kuwa ndizo nyingi. Shefu aliikataa fomu, hasa kwa sababu ya mikono, ambayo haikuonyesha tarehe ya kuharibika. Karanga zikapigwa marufuku. Wiki tatu Mama Mukagasana alikaa nyumbani, akiwaambia majirani kwamba kinachomuuma zaidi ni karanga zilizolea watoto wake sita kuitwa maskini.

Ndipo akafika Daktari Joséphine-Marie, mtaalamu wa lishe kutoka Goma, kuona matunda ya barua. Shefu alikuwa amepanga biskuti juu ya meza yenye kitambaa. Daktari akavaa miwani, akasoma pakiti mpaka mwisho, akauliza kiungo cha saba ni nini. Shefu akajibu kwamba ni mambo ya teknolojia. Akauliza cha kumi na moja. Hicho nacho kilikuwa teknolojia.

Daktari hakumkaripia. Alisema tu kwamba mpango mkubwa hivi unahitaji shahidi, mtu mwenye cheo, atakayekula kitafunwa kilichoshinda, hicho peke yake, asubuhi, mchana na jioni, siku thelathini, mbele ya watu. Shefu aliposikia neno cheo akasaini, na mengine akayasikia baadaye.

Siku ya kwanza alitembea kifua mbele. Siku ya tatu ulimi ulikuwa wa manjano, na watu waliomsalimia waliomba kuuona, kwa ajili ya takwimu. Siku ya tano tumbo lake lilitoa hoja mkutanoni bila kupewa neno. Siku ya sita, mchana, alienda kwa Mama Mukagasana, akamkuta akikaanga karanga za nyumbani. Harufu ilimfikia kabla ya salamu. Akasema amekuja kukagua.

Mama akamkumbusha kwa heshima kwamba karanga zimekatazwa, na kwamba hakuna kitu anachokiogopa kama sheria. Majirani walikuwa wameshaanza kujaa uani. Shefu akainama, akaandika ruhusa ya karanga juu ya goti lake, akaipiga kashe, akanyoosha mkono.

Mama akaikunja ile karatasi, akashukuru, akaanza kuwapimia majirani. Mkono wa Shefu akauruka.

"Weye uko shahidi, Papa Shefu. Ukikula hizi, utaharibu kazi ya serikali. Inabakia siku makumi mbili na ine tu. Vumilia."

Watu wote wakamtazama, wakitafuna. Shefu Straton akatoa pakiti nyekundu mfukoni, akaanza kusoma.