Mwani na Koti la Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Koti langu la harusi halifungi. Kati ya kifungo na tundu lake, vidole vinne! Nami nimeshaapa mbele ya ukoo: lisiponienea Jumamosi, siku ya harusi ya binti yetu, ataingizwa ukumbini na shemeji, kaka wa mke wangu, mwembamba kama njiti, mwenye maneno kama redio. Mdomo uliponza kichwa. Ila gazeti linasema ndani ya mwani mna vitu ambavyo huenda vikazuia mafuta ya chakula yasifyonzwe tumboni. "Huenda" ni neno la waoga. Nimelikata kwa wino mwekundu. Nimeagiza kilo mbili.

Jumanne, 4 Juni
Nimeuloweka mwani kwenye beseni la kufulia. Ukafura, ukafura, ukamwagika sakafuni. Supu yake nimekunywa. Ladha ya jiwe. Kisha nikakaa dirishani, macho nimeyafumba nusu. Nikaiona bahari tulivu ndani yangu, majani marefu yakiyumba polepole, yakinasa kila tone la mafuta. Juu yake naelea mimi, mwepesi kama unyoya. Kwa kuwa mafuta hayapiti tena, nikala sahani tatu za viazi vya kukaanga. Mke akauliza, baba watoto, hiyo dawa au kisingizio? Sayansi haibishani.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Nimejaribu koti na bakuli mkononi. Supu yote kotini. Mke kalikimbiza kwa fundi cherehani atoe doa. Shemeji kapita kutuarifu kuwa suruali yake imeshapigwa pasi. Nikamwambia vizuri, utakaa nayo nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni
Limefunga! Binti kaning'ang'ania mkono, kaninong'oneza, baba usiniachie. Nilitembea kama niko chini ya maji, taa zote zikielea. Shemeji safu ya tatu. Ya tatu!

Jumapili, 9 Juni
Mke kanikalisha kitako. Eti alimwomba fundi alitanue koti vidole vitano. Kanionyesha na kitambaa kipya kwapani mwa koti. Mizani nayo inadai nimeongezeka kilo mbili. Nimewaza kutwa nzima, nikitazama mawingu. Kisha nikaelewa. Supu ilimwagikia wapi? Kotini. Na mwani hufanya nini? Hufura! Kumbe haunywewi, huvaliwa. Mke kasema sikio la kufa halisikii dawa. Maskini, hasomi magazeti. Suruali zangu zote zimo ndani ya beseni la mwani. Na gauni lake la kazini, zawadi.